Majani Yanayoonekana kutoka Barabarani

Simu ililia Jumapili, Aboth akiwa hajavua hata nguo za kanisani. Alikuwa mama yake, kutoka Rubongi. Alisema siku ya soko angeshuka Busia kutafuta mbegu za karanga, zile nyekundu, kwa sababu za huko Tororo msimu huu zilikuwa zimetobolewa na wadudu. Akishazipata angepita pale chini kumwona.

Hakusema angepita nyumbani. Alisema pale chini, na Aboth hakushangaa, maana ndivyo ilivyokuwa tangu aolewe. Mama angesimama ng'ambo ya barabara karibu na kibanda cha chapati, ainue uso aitazame roshani ya ghorofa ya juu, kisha mwanawe ashuke wazungumze pale kando ya barabara kama watu waliokutana kwa bahati.

"Na mimea yangu?" mama aliuliza kabla ya kuaga.

"Iko salama, mama. Imechangamka kabisa."

Alipoweka simu mezani aliona kiganja chake kimeacha jasho kwenye kioo. Alikwenda akafungua mlango wa roshani, ingawa alijua vizuri atakachokiona.

Ilikuwa mimea ya majani manene, ile inayoweka maji yake mwilini na ambayo kila mtu husema haifi. Kulikuwa na mshubiri katika ndoo iliyopasuka, mkubwa, wenye vitoto ubavuni. Kulikuwa na kijiti chenye majani ya mviringo kama vifungo vya koti, katika sufuria iliyotoboka. Na katika mikebe ya mafuta ya kupikia ilikuwa ile midogo iliyojipanga kama waridi, ya kijani kinachoelekea kijivu, ambayo mama aliipenda kuliko yote. Sasa mshubiri ulikuwa umegeuka rangi ya tofali. Kijiti kilikuwa kimeanza kuangusha vifungo vyake kimoja kimoja, vimekunjamana. Ile midogo ilikuwa na madoa ya kahawia, makavu, kama mahali pasi ya mkaa iliposahauliwa juu ya nguo. Madoa yalianzia tumboni mwa jani, upande wa chini, yakapanda hadi ukingoni. Aboth aliligusa moja kwa ncha ya kidole. Lilikuwa gumu kama karatasi iliyolowa ikakauka.

Mwanamke mwingine angeitupa jalalani na kupanda sukumawiki. Lakini mwanamke huyo hakuwa na mama kama wa Aboth.

Mama yake alikuwa ameishi miaka yake yote ya ndoa nyuma ya kambi ya jeshi ya Rubongi, akiuza chai na mandazi kwa wake za askari. Kikosi kilipohamishwa, wanawake wale walipanda lori na magodoro na masufuria na watoto, na mimea ikakosa nafasi. Wakawa wanampelekea mama wa chai. Ua wake ukajaa mimea ya watu waliokwisha kuondoka, na mpaka leo aliiita kwa wenyewe: ule wa mke wa sajenti, ule wa yule dada wa Moroto aliyekuwa haongei. Huko ndiko alikopata tabia yake. Akipita mbele ya nyumba ya mtu, macho yake yalitangulia kwenye mikebe ya barazani, ndipo yaje kwa mwenye nyumba.

Aboth alipokuwa mtoto, siku moja walipita kwa mke wa jirani aliyekuwa akicheka sana, akawakaribisha maji, akawasifia nguo. Walipofika njiani mama alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba yule mwanamke halali usingizi. Msimu wa mavuno haukufika kabla mwanamke huyo hajarudi kwao, mkono umefungwa bandeji. Aboth hakuwahi kujua mama aliona nini katika mikebe ile. Alichokijua ni kwamba aliona.

Na sasa angekuja kusoma ya kwake.

Mama hakumkataa Bwire alipokuja kuposa. Bwire alikuwa Msamia wa Lunyo, mtu mrefu asiye na maneno mengi, fundi wa kushona maturubai ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Mama alimtazama sana mikono, kisha akamuuliza binti yake pembeni swali moja tu: "Huyu atakuangalia?" Aboth alisema ndiyo, kwa haraka ambayo hata yeye aliisikia. Siku ya kuondoka mama alikwenda uani, akachomoa chipukizi za hapa na pale, akazifunga kwa gazeti na kumpakatisha kama mtoto.

Kwao, mama mzaa mke haingii nyumba ya mkwe wake kama anayeingia dukani. Kuna siku yake. Wakwe humwita, humchinjia, humvika gauni jipya, ndipo avuke kizingiti. Siku ya mama yake Aboth ilikuwa imeshapangwa, kisha baba yake Bwire akafariki, na katika matanga na mambo yaliyofuata matanga hakuna aliyethubutu kuitaja tena. Kwa hiyo mama hakuwa ameona jiko la mwanawe, wala kitanda chake, wala rafu ya vitabu ambayo Bwire aliipigilia misumari kwa mikono yake. Katika nyumba ile yote, alichoweza kukiona ni roshani.

Ndiyo maana Aboth hakumwambia Bwire kwamba mama anakuja. Angeinamisha kichwa, angesema "siku ile haijafanyika, na ni upande wangu," kisha angekaa kimya jioni nzima akichokonoa gundi ya turubai kwenye kucha. Alikuwa amekwisha kumwona hivyo mara moja na hakutaka kumwona tena.

Aboth alikuwa mtu wa kusoma. Akiwa na shida, alitafuta pahali ilipoandikwa kabla ya kumwendea mtu. Tangu madoa yaanze, mwezi uliopita, alikuwa amesoma kila alichokipata kwenye simu kuhusu mimea ya namna ile, akirudi nyumbani kutoka shule ya msingi ya Sikuda alikofundisha, miguu ikiwa bado na vumbi la bodaboda. Kwanza alisoma kwamba maji yakizidi mizizi huoza, akaacha kumwagilia mpaka udongo ukapasuka. Kisha akasoma kwamba moshi huziba majani, na kwa kuwa malori yalinguruma pale chini kutwa, akachukua kitambaa na maji akayafuta moja baada ya jingine. Madoa yakazidi. Mwishowe akasoma kuhusu mimea iliyozoea kivuli kuunguzwa na jua la mchana, na hapo moyo ukatulia kidogo, kwa sababu roshani ilitazama magharibi na jua la alasiri lilikuwa kali mwaka huo kuliko miaka mingine. Alifunga kitenge kizito kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya mikebe, kama hema.

Shallon, jirani wa mlango wa pili aliyevuka kutoka upande wa Kenya akafungua saluni, alikuja kukitazama kile kitenge akiwa na chanuo kichwani.

"Mwalimu, hizi maua zako zimepigwa pasi ama?"

Aboth alijaribu kucheka.

"Mimi ningekuambia mtu amezitupia jicho," Shallon aliendelea. "Lakini sasa nani ataonea wivu mkebe wa mafuta?"

Alishauri majani ya chai yaliyotumika. Alishauri maji ya mchele. Alishauri pia, kwa huruma kabisa, kwamba sokoni kuna maua ya plastiki ambayo mtu akiwa barabarani hawezi kuyajua. Aboth alimshukuru, akafunga mlango, akasimama nyuma ya mlango ule akilifikiria jambo la plastiki kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri. Mama angejua. Mama angejua hata akiwa ndani ya gari linalokimbia.

Kitenge kilikaa juu, na chini yake mimea iliendelea kuungua. Hilo ndilo lililomtisha. Kila jioni alirudi, akainua pindo, akakuta doa jipya. Alianza kuhisi kwamba pengine mama yake alikuwa sahihi tangu mwanzo, kwamba mimea hujua kitu ambacho mwenye nyumba hajakijua. Alimtazama Bwire akila, akijiuliza kama kuna jambo baya ambalo halijafika bado. Bwire aliuliza kama ugali haujaiva. Alisema umeiva.

Jumanne pampu ya kisima cha shule iliharibika. Kwa joto lile watoto hawakuweza kukaa bila maji ya kunywa, na mwalimu mkuu akawarudisha nyumbani mara baada ya chakula cha mchana. Kwa hiyo Aboth alifika kwake wakati ambao kwa kawaida yuko mbele ya ubao, na siku zake za mapumziko alikuwa kwenye kwaya au amefunga mlango na pazia akijificha na joto kama watu wote wa jengo lile. Alikunywa maji, akaweka mkoba, akafungua mlango wa roshani.

Joto lilimpiga miguuni.

Alisimama. Kwa kawaida joto la roshani lilimpiga utosini na mabegani. Hili lilipanda kutoka chini, likapita kati ya vyuma vya ukingo, likamgusa kwenye magoti na chini ya kidevu. Alitazama juu. Tumbo la kile kitenge chake, upande ambao ungetakiwa kuwa na giza, lilikuwa linang'aa, na kwenye dari ya roshani mwanga ulikuwa ukitetemeka kama unavyotetemeka juu ya karai la maji.

Alisogea ukingoni akachungulia, na ilimbidi afumbe macho.

Chini, mbele ya jengo lao, kulikuwa na stoo ya nafaka ya mzee Oguttu. Miaka yote paa lake lilikuwa la mabati yaliyoota kutu, ya rangi ya udongo, na hakuna aliyelitazama. Mwezi uliopita Oguttu alikuwa ameyaondoa akaezeka mapya. Aboth alikumbuka kelele za nyundo. Alikuwa amesahihisha mitihani akiwa ameziba masikio kwa pamba. Sasa jua la alasiri lilishuka juu ya paa lile jeupe na paa likalirusha lote, bila kubakisha, moja kwa moja kwenye roshani yake.

Alichuchumaa kati ya mikebe. Akainua jani moja kwa kidole. Doa lilikuwa chini, tumboni, kama alivyoliona kila siku bila kulielewa. Alikuwa amekinga mimea dhidi ya anga wakati inachomwa kutoka barabarani. Na upande ule ulioungua ndio hasa ambao mtu aliyesimama barabarani, akiinua uso, angeuona.

Ilibaki kesho tu, kisha siku ya soko.

Alifikiria kuiingiza ndani. Chumba kilikuwa na giza, lakini kwa siku chache isingekufa. Kisha akaiona roshani tupu kwa macho ya mama yake. Huko Rubongi baraza tupu lilikuwa na maana moja: mwanamke amekwisha kupanda lori. Alifikiria kutandika shuka kwenye vyuma vya ukingo, liangalie nje. Lingezuia mwanga, lakini mama angeona shuka tu, na nyuma ya shuka angeona anachotaka. Akiacha ilivyo, mama angeona madoa, na kufikia keshokutwa yangekuwa makubwa zaidi.

Kulikuwa na njia nyingine, nayo ilikuwa kuzungumza na Oguttu. Angeweza kumwomba apake paa rangi, au walau atupie magunia upande ule. Aboth alishuka ngazi akiipanga sentensi kichwani. Aliingia stoo, akasimama nyuma ya wanawake wawili waliokuwa wakipimiwa mahindi, akaipanga upya. Wanawake wakaondoka. Oguttu, mzee mwenye kofia iliyojaa vumbi la unga, alimgeukia.

"Mwalimu. Karibu sana. Leo nikupe nini?"

Jirani gani humwambia mtu kwamba paa lake jipya, analojivunia mtaa mzima, linawasha moto nyumba ya watu?

"Maharagwe," alisema Aboth.

Alipanda ngazi amekumbatia mfuko wa maharagwe, masikio yakiwaka moto.

Bwire aliporudi alikuta ule mfuko juu ya meza kando ya mwingine ambao haujafunguliwa. Akauliza kama wanatarajia wageni. Swali lilikuwa la mzaha, lakini lilimchoma mahali, na Aboth akajikuta anasema yote: madoa, kitenge, paa, stoo, sentensi aliyoipanga. Yote, isipokuwa mama. Walizungumza Kiswahili, kama walivyozoea ndani ya nyumba ile, kwa sababu yeye hakujua Kisamia cha kutosha na Bwire kwa lugha ya kina Aboth alijua kusalimia na kuomba chumvi.

"Kwa hiyo jua inakuja kutoka kwa Oguttu," Bwire alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe ukaenda kumushitaki, ukarudi na maharagwe."

"Bwire."

"Mimi nauliza tu. Kesho likizidi tutapata mchele."

Alicheka peke yake, kifuani, bila sauti. Kisha akatoka roshani. Jua lilikuwa limekwisha kushuka na paa la Oguttu lilikuwa bati tu. Bwire alipiga magoti, akashika chuma cha ukingo, akapima kwa mkono kutoka sakafu hadi juu kama anavyopima ubavu wa lori. Aligusa jani moja lililoungua, akaondoa kidole haraka, kana kwamba lingeumia.

Siku iliyofuata aliporudi kutoka shule alikuta kazi imekwisha. Bwire alikuwa ameomba neti kwa wachuuzi wa vitunguu, zile za magunia mekundu ambayo vitunguu huja nayo kutoka ng'ambo ya mpaka, akazikata, akazishona mbili mbili kwa uzi wake wa turubai, na kuzifunga kwenye ukingo wote. Juu zilishikwa na vyuma. Chini alikuwa amezivuta nje kwa kamba na fito, zikainama juu ya barabara kama aproni ya mpishi. Hewa ilipita. Mwanga ulipita pia, lakini umevunjwavunjwa, na juu ya dari hakikubaki kitu cha kutetemeka ila uwekundu hafifu.

Ilikuwa kazi nzuri. Na ilikuwa mbaya kutazama. Aboth alishuka mpaka kwenye kibanda cha chapati, akasimama pale ambapo mama yake angesimama, akainua uso. Katika jengo zima lililopakwa rangi ya maziwa, roshani yao ilikuwa imevaa magunia. Mimea ilionekana nyuma yake kama vivuli vya kitu kilichofungiwa.

Shallon alitoa kichwa dirishani. "Mwalimu, mmefungua duka ya vitunguu huko juu? Nitumie kilo."

Usiku ule Aboth hakulala vizuri, na alipoamka hakuwa ameamua lolote.

Alikuwa ameomba ruhusa shuleni. Mama kwa kawaida alimaliza soko mchana, na mwanga wa paa ulianza baada ya hapo, kwa hiyo asubuhi ile ilimjia hesabu iliyoonekana ya busara: angeifungua neti, aigeuze mikebe ili upande mzuri uangalie nje, mama atazame, yeye ashuke wazungumze, na mama akishaondoka angeifunga tena. Bwire asingejua. Mimea isingeungua. Alikwenda roshani, akashika fundo la kwanza.

Fundo halikufunguka.

Lilikuwa fundo la lori, lile linalofungwa ili turubai livumilie kutoka Mombasa hadi Kigali bila kulegea. Alilivuta, likakaza zaidi. Alijaribu kwa kucha, kisha kwa uma. La pili hivyo hivyo. La pembeni, karibu na mshubiri, lilimpa matumaini. Alilipinda, akalisukuma, na baada ya kuhangaika sana likaachia nusu, neti upande ule ikalegea na kuning'inia kama mfuko. Alikuwa ameinama, jasho likimwingia machoni, uma mkononi, alipohisi kitu. Sauti haikuwepo. Ilikuwa ni ile hali ya kujua kwamba unatazamwa.

Mama yake alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mfuko wa mbegu miguuni, mapema kuliko siku zote. Alikuwa amevaa gauni lake la gomesi, la kijani. Mkono mmoja ulikuwa juu ya paji la uso akikinga macho, na Aboth alipotazama vizuri aliona kwamba hakuwa anajikinga na anga. Alikuwa amegeuza uso kidogo kutoka kwenye paa la Oguttu, ambalo asubuhi lilimulika upande wake wa barabara. Hakupunga mkono. Hakuita. Alitazama tu, juu, pale alipokuwa mwanawe akipigana na kamba.

Aboth hakujua kwa nini, lakini alipogeuka kushuka aliubeba ule mkebe mbaya kuliko yote.

Walisalimiana kwa lugha yao, kwa kirefu, wakaulizana habari za kila mtu mpaka za kuku. Waliketi kwenye benchi la kibanda cha chapati, kwenye kivuli. Mama alichukua mkebe akauweka juu ya paja. Aliusoma. Aboth alitazama malori, akitazama chochote, akisubiri ile sauti ya kawaida kabisa.

Mama alikwaruza doa kwa ukucha wa kidole gumba. Akabonyeza katikati, pale ambapo majani mapya huzaliwa, akanusa udongo.

"Haya yaliyoungua hayatarudi rangi," alisema. "Usiyakate. Yaache yakinge mengine."

"Ndiyo, mama."

"Uliniambia imechangamka."

Muuza chapati aligeuza chapati yake kwa makini ya ajabu.

"Ile neti," mama alisema, "nani alifunga?"

"Bwire."

"Alifunga kwa sababu nakuja?"

Hapo ndipo Aboth alipoelewa anaulizwa nini. Mama alikuwa ameona wanawake wengi wakifagia uani siku ya mgeni.

"Hajui kwamba unakuja," alisema. "Sikumwambia. Niliona atajisikia vibaya kwa ajili ya siku yako. Alifunga jana kwa sababu niliumia moyo kwa ajili ya mimea. Hilo tu."

"Na wewe ulikuwa unafungua."

"Nilitaka uione mimea."

Mama alikata kipande cha chapati, akakitafuna taratibu, akitazama juu kwenye magunia mekundu. Hakuna aliyeweza kusema anafikiria nini, na Aboth, aliyekuwa amejaribu kusoma uso ule tangu utotoni, aliacha kujaribu. Alihofia jambo moja tu sasa: kwamba mama angeusukuma mkebe ndani ya mfuko wa mbegu, aurudishe Rubongi, kwenye ua wa mimea ya waliokwisha kuondoka.

Wakati huo Bwire alitokea kwenye kona ya uwanja wa malori, akija kula. Aliona benchi, akaona gomesi ya kijani, akasita. Mkwe hamwendei mama mkwe hivyo ana kwa ana, hasa mama ambaye hajaingia kwake. Alipiga hatua ya pembeni akajificha nyuma ya lori la saruji lililoegeshwa pale, ikabaki miguu yake mirefu tu, inaonekana kati ya magurudumu.

Mama aligeuzia uso upande mwingine, kwa adabu, akazungumza na hewa. Alitumia Kiswahili chake cha kambini.

"Mukwe, habari ya kazi?"

"Muzuri, mama," lilijibu gurudumu. "Habari ya Rubongi?"

"Rubongi iko. Mimi naangalia ile kamba yako hapa juu."

Miguu kati ya magurudumu ilisogea. "Iko mubaya, mama?"

"Mutoto wangu alipigana nayo na uma asubuhi yote. Ikamushinda."

Muuza chapati alicheka hadi akakohoa. Aboth aliinamisha uso.

"Ile ya pembeni amelegeza," mama aliongeza. "Utafunga tena. Na ile siku yangu, mwambie mama yako mimi sina haraka, lakini magoti yangu iko na haraka. Ngazi yenu ni ndefu."

"Nasikia, mama," alisema Bwire, na sauti yake haikuwa ile ya kawaida.

Mama alimpa Aboth mkebe. Hakuubusu wala kuusifu. Alisema tu kwamba aurudishe juu kabla jua halijageuka, kisha akachukua mfuko wake, akarekebisha mkanda wa gomesi, akaondoka kuelekea stendi ya magari ya Tororo bila kutazama nyuma upande wa lori.

Aboth alipanda ngazi mbio. Alipofungua mlango wa roshani mwanga ulikuwa umekwisha kuanza, mwembamba, unapenya pale pembeni kwenye neti aliyoilegeza, ukitambaa sakafuni kuelekea kwenye mshubiri. Alijaribu kulikaza lile fundo, likamteleza. Hakujua lilianzia wapi. Basi akaweka mkebe chini, akaichukua ncha ya neti, akaivuta nje kwa nguvu zake zote na kuishikilia hivyo hivyo juu ya barabara, mkono umenyooka, huku akisikiliza hatua za Bwire kwenye ngazi.